Shamba la babu Mamburui limelala miaka 14: tulichome moto au tuliache?

Kijana_wa_Mamburui

Assalam aleikum ndugu zangu, na wasiosalimiwa hivyo hamjambo. Uzi huu ni mrefu naomba mnivumilie, hili jambo limenikaa kifuani wiki ya tatu sasa.

Tuna shamba la babu hapa Mamburui karibu na Malindi, mbele yake ni yale matuta ya mchanga halafu bahari. Babu alikuwa akilima mahindi, kunde na mihogo, pembeni kuna miembe miwili na mikorosho kidogo. Alipofariki watu wakatawanyika, mwengine Mombasa mwengine Uarabuni, shamba likalala. Miaka 14 halijaguswa na jembe. Sasa ami yangu amerudi na anataka lifyekwe lote lichomwe moto kabla ya masika, anasema lilivyo sasa ni aibu, wapita njia wanadhani halina mwenyewe.

Mie nimemuomba asubiri. Si kwamba nampinga mkubwa wangu, ila kila nikirudi nyumbani napita pale na kuna kitu nimekiona miaka yote hii. Mwaka wa kwanza ilikuwa ndago na kishona nguo, ukipita unatoka suruali imejaa vile vimbegu vyeusi, na mchunga ulikuwa mwingi mama akienda kuchuma mboga. Mwaka wa pili, wa tatu, kishona nguo kikapungua chenyewe na nyasi zikapanda mpaka kiunoni. Kama mwaka wa tano hivi ikaingia mikwamba na lantana, na kila ilipofunga kivuli nyasi zikafa chini yake. Sa hii kuna mikunazi imenipita urefu, kuna mkwaju mdogo, kuna mwarubaini mwingi ajabu. Na chini ya ule mwembe mkubwa udongo umegeuka, ukiuchota ni mweusi na una ubaridi, wakati hatua ishirini kutoka hapo bado ni mchanga mweupe ule ule.

Hakuna aliyepanda hata kimoja. Nauliza wanaojua, hii kitu inakwenda wapi? Tukiliacha litakuwa msitu kama ule wa magofu ya Gede au litabaki kichaka tu mpaka kiama?

Mkulima_Gongoni

Kichaka ni kichaka ndugu. Nyoka, ngedere na nguruwe mwitu wa kumaliza mahindi ya jirani. Ami yako yuko sawa, choma, jivu ni mbolea, panda mtama na kunde mvua za kwanza. Ardhi ni ya kula.

Mwalimu_Mstaafu_Mld

Kijana, nimesomesha bayolojia miaka mingi hapa Malindi na hayo uliyoyaandika kwa macho yako wengi huyakariri vitabuni bila kuyaona. Kitaalamu ni sakseshoni, vitabu vyengine vinasema mfuatano wa mimea, mie nilikuwa nawaambia watoto ni kupokezana. Mimea haikai mahali milele, wa kwanza anabadilisha pale alipoota, kivuli kinabadilika, udongo unabadilika, halafu mahali pakishabadilika panamfaa mwengine kuliko yeye aliyepabadilisha. Kishona nguo chako hakikufukuzwa na mtu, kinataka jua kali na udongo uliochimbuliwa, nyasi zilipokizidi kimo kikaisha, na nyasi nazo zikamalizwa na kivuli cha mikwamba.

Sasa nakupa kazi. Kesho baada ya sala ya alfajiri nenda ukingoni mwa maji halafu utembee polepole ukija bara na uangalie chini. Kwanza mchanga mtupu, chumvi na upepo wa kusi unaokukwangua miguu, hakuna kitu. Mbele kidogo utauona mlakasa, ule mmea unaotambaa wenye maua ya zambarau na jani lililogawanyika kama ukwato wa mbuzi. Huo mbegu zake zinaelea baharini zikaletwa na maji, na ukifukiwa na mchanga haufi, unatoa mizizi mipya unaendelea kutambaa. Kamba zake zinakamata mchanga, na mchanga ukitulia nyasi ngumu za pwani zinapata pa kushika, nyuma ya nyasi vichaka vifupi vilivyoinamishwa na upepo, nyuma yake mikoma, na ukishuka upande wa bara wa tuta unakuta miti yenyewe na udongo wenye majani yaliyooza.

Wewe umetembea labda nusu saa lakini umepita miaka mingi sana, manake lile tuta la nyuma nalo zamani lilikuwa la mbele. Mmarekani mmoja anaitwa Henry Chandler Cowles alitembea hivi hivi kwenye matuta ya mchanga ya ziwa Michigan, akaandika mwaka 1899, na kazi yake ndiyo iliyoitia nguvu elimu hii. Kule ni baridi na miti ni mingine kabisa, lakini mchanga ni mchanga.

Na ushike tofauti moja. Tuta jipya halina udongo wala mbegu, linaanza sifuri. Shamba la babu halikuanza sifuri, lilikuwa na udongo, mbegu zilizolala ardhini, visiki na miembe miwili. Ndo maana miaka 14 tu umefika kwenye mikunazi, tuta tupu lingekuwa bado linapigana na upepo.

Kijana_wa_Mamburui

Mwalimu shikamoo. Nimekwenda leo asubuhi. Wallahi nimepita pale tangu utoto na sijawahi kuuona ule mpangilio, nilikuwa naona majani tu. Mlakasa unaishia kabisa pale upepo unapokatika, kama mtu amepiga mstari.

Binti_Amu

Hapa Amu, yaani Lamu, mambo ya matuta si ya kusoma, ni ya kunywa. Maji matamu ya mji yanatoka visima vya Shela, na visima vile viko pale kwa sababu ya matuta. Mvua inazama kwenye mchanga na maji matamu yanakaa juu ya maji ya chumvi kwa kuwa ni mepesi, hayachanganyiki upesi. Ukivua mimea iliyolishika tuta upepo unalihamisha, na ukijenga juu yake mvua haizami vizuri na uchafu unashuka chini. Kwa hivyo mtu akiniambia mlakasa na vichaka vya Shela ni magugu tu huwa nakasirika kweli, vile ndo vifuniko vya birika letu.

Mkulima_Gongoni

Dada sikatai maji. Lakini huyu anaulizia shamba si kisima.

Kiongozi_wa_Gede

Naomba niingie, mimi natembeza wageni pale Gede. Kijana umeuliza kama litakuwa kama Gede. Gede ulikuwa mji wa mawe, misikiti, jumba la mfalme, visima, watu wakauhama karne ya 17 na msitu ukauingia. James Kirkman alipoanza kuchimba mwaka 1948 kuta zilikuwa zimemezwa. Mpaka leo wageni nawaonyesha mikuyu ile inayokaa juu ya ukuta mizizi ikashuka pande zote mbili kama mtu aliyekumbatia, na mibuyu imesimama ndani ya mitaa. Mwaka 2024 UNESCO imeutia kwenye orodha ya urithi wa dunia, na ukiniuliza mimi msitu una haki ya nusu ya sifa hiyo.

Ila angalia mambo mawili. Kwanza hiyo ni zaidi ya miaka mia tatu, si 14. Pili msitu wa Gede umeota juu ya mawe ya matumbawe, chokaa na plasta za nyumba zilizobomoka, miti iliyoko pale ni ile inayopatana na mawe. Shamba lako ni mchanga. Ukienda msitu wa Arabuko-Sokoke hapo jirani utaona wazi, kwenye mchanga mweupe ni miti ya mirihi, ukivuka kwenye udongo mwekundu miti mingine kabisa, na jua ni lile lile na mvua karibu ile ile. Ardhi ina lake la kusema.

Mwanafunzi_Kilifi

Hapa ndo pana ubishi mkubwa wa kitaalamu jamani. Kuna Frederic Clements, mwaka 1916 aliandika kwamba mimea ya mahali ni kama kiumbe kimoja, inazaliwa inakua inafikia utu uzima, na kila sehemu kulingana na hali yake ya hewa ina kilele kimoja tu itakachofikia, ukiharibu itarudi pale pale. Halafu mwaka 1926 Henry Gleason akasema hapana, kila mmea una safari yake, wanakutana pale kwa sababu mbegu zilifika na hali ziliruhusu, hakuna kiumbe kikubwa wala njia moja. Mie namfuata Gleason.

Mwalimu_Mstaafu_Mld

Nami namfuata yeye kwa sehemu kubwa, ingawa nilisomeshwa Clements na nikasomesha Clements, na wanafunzi wangu wa zamani wakisoma hapa wajue nimebadilika. Chukua mrihi. Ganda lake likikauka linapasuka kwa nguvu na mbegu inarushwa, lakini inarushwa hatua chache tu kutoka kwa mama yake. Haina mabawa ya kuvuka mto Sabaki wala si tunda la ndege. Shamba la Mamburui laweza kulala miaka mia na mrihi usifike, hata kama mchanga unaufaa. Mkunazi je? Tunda tamu, ndege anakula, mbuzi anakula, mtoto anakula, kokwa inatupwa kila mahali. Kwa hivyo swali la litafika wapi lisiulizwe ardhi peke yake, uliza kuna mti gani wa mbegu karibu na nani wa kuibeba.

Na hapo Kijana ndo siri ya mwembe wako. Ndege haangushi mbegu uwanjani hewani, anatafuta pa kutua. Ametua kwenye mwembe, amekunya, mbegu imeanguka kwenye kivuli na majani yaliyooza na ubaridi. Ule mwembe wa babu ndio unaoita msitu, utaona miti mipya inaanza pale kama duara halafu duara linatanuka.

Mwana_wa_boriti

Nimesoma yote. Baba yangu alikuwa mkata boriti hapa Lamu, na mie nimeingia naye mikokoni tangu nina miaka tisa, nikisema kitu hapa nakisema kwa mikono yangu.

Lamu ndiyo yenye mikoko mingi Kenya, kama asilimia 60 ya yote. Ukiingia kwa mtumbwi kutoka baharini unakutana na mlilana miguu majini, halafu mkoko wenyewe na ile mizizi ya matao, halafu muia, mkandaa, na nyuma kabisa kwenye chumvi kali mchu. Watu wa vitabu zamani wakiona ule mpangilio walisema basi ni kupokezana, mlilana unamjengea mkoko, mkoko unamjengea mkandaa, mpaka bahari igeuke bara. Baba alikuwa akisema kuna mlilana ameukuta na babu yake aliukuta na haujasogea hata pima moja. Pale kinachopanga ni bamvua, maji yanafika mara ngapi na chumvi kiasi gani, si nani alitangulia. Tusiite kila mstari sakseshoni.

Lakini ukitaka kupokezana kwa kweli angalia palipokatwa. Mchu ukiukata kisiki kinachipua. Mkoko ukiukata chini ya majani umekufa, hauchipui kabisa, unategemea zile mbegu ndefu zinazoota zikiwa bado juu ya mti ndipo zianguke. Kwa hivyo walipokata boriti na mazio wakaacha mikoko mama hapa na hapa, miaka kadhaa paliziba vizuri. Walipofyeka pote, jua likapiga tope, chumvi ikapanda juu, pakawa wangwa. Nimeona wangwa ambao nimeukuta mtoto na mpaka leo hauna jani. Sio kila palipoachwa panarudi. Serikali ilipiga marufuku kusafirisha boriti nje mwaka 1982, na mwaka 2018 ikasimamisha ukataji tena, na tuliumia matumbo, siwezi kusema hatukuumia, lakini wangwa hauponi kwa marufuku peke yake, lazima mtu apeleke mbegu na wakati mwengine afungue njia ya maji kwanza.

Kiongozi_wa_Gede

Na huku kwetu kinyume chake, mdomo wa Sabaki unazaa ardhi. Mto unaleta ule udongo mwekundu kutoka bara huko juu, tope linajikusanya na mchu unaingia kwenye tope jipya. Ufuo wa Malindi mjini nao umetanuka, wazee wanaonyesha maji yalipokuwa yakifika zamani na leo unatembea mchanga mrefu ndipo uyapate. Kuna tumbawe moja la hapa Malindi lililokua kama miaka 300, wanasayansi wakalipima tabaka kwa tabaka kama pete za mti, wakakuta udongo wa mto umeongezeka sana kuanzia mwanzo wa karne ya 20, wakati mashamba ya bara yalipofunguliwa. Ardhi mpya ya mikoko hapa ni udongo uliopotea shambani kwa mtu mwengine.

Dereva_wa_Mtwapa

Kuhusu kuanza sifuri hakuna mfano kama Bamburi pale Mombasa. Ile Haller Park ilikuwa shimo la kuchimba mawe ya simiti, chini ni jiwe tupu jeupe na maji ya chumvichumvi. Rene Haller alianza kupanda 1971, alijaribu aina 26 za miti zikafa zote isipokuwa tatu, mvinje, damas na mnazi. Mvinje una vijidudu mizizini vinavyokamata naitrojeni ya hewani ndo maana uliweza kuishi bila udongo. Lakini majani yake kama sindano yalikuwa yakianguka yanarundikana hayaozi. Akaona majongoo wakubwa wenye miguu myekundu wanayala, akawaleta kwa wingi, wakala wakatoa mbolea, na udongo ukaanza. Jongoo jamani! Sa hii ni msitu na twiga wanazunguka.

Mwanafunzi_Kilifi

Na mlakasa na mvinje hao hao walikuwa Krakatau. Kile kisiwa cha Indonesia kililipuka 1883 kikabaki majivu na mawe. Wataalamu walipokwenda 1886 wakakuta ndani mimea ya jamii ya kangaga, ile isiyotoa maua, inayozaa kwa vumbi chini ya jani, na pwani mimea iliyoletwa na bahari. Baadaye nyasi, halafu mivinje ufuoni, na miaka ya 1920 ndani kulikuwa kunafunga msitu. Bahari ni mkulima.

Mkulima_Gongoni

Haya nimesikia. Lakini mmenipa swali. Mie nimechoma shamba langu kila mwaka na kila mwaka zinarudi nyasi zile zile na lantana ile ile. Huyu wa miaka 14 ana mikunazi na mie nina miaka 20 sina. Kwa nini?

Mwalimu_Mstaafu_Mld

Kaka, umeuliza swali zuri kuliko yote humu. Kwa sababu kila ukichoma unairudisha saa. Nyasi mizizi yake iko chini, moto ukipita inachipua wiki ya pili. Mche wa mkwaju wa miaka miwili moto unaumaliza, na mbegu iliyoangushwa na ndege imeiva kama bisi. Moto unawachagua wale wanaoujua. Na hilo jivu, ni kweli linasaidia msimu ule, lakini naitrojeni imekwenda na moshi, na kwenye mchanga wa kwetu mvua moja kubwa inalishusha lililobaki.

Wazee wetu walikuwa wakichoma pia, sitaki kuwasingizia. Lakini walilima miaka michache wakahama, shamba likalala miaka mingi ndipo warudi. Walikuwa wanautumia huu huu mfuatano kutengeneza udongo. Sisi tumeshika moto tukaacha kulala.

Binti_Amu

Na kaya za Mijikenda, ile misitu yao mitakatifu, zimehifadhiwa kwa namna hiyo hiyo, uwanja wa kati ulikuwa makazi, watu wakahama, wazee wakakataza shoka na msitu ukaziba.

Mwanafunzi_Kilifi

Kijana mie nina wasiwasi na kitu kimoja, mwarubaini. Umesema ni mwingi ajabu.

Kijana_wa_Mamburui

Mwingi mno. Chini ya mwembe nimehesabu leo miche, nikafika sitini nikachoka, karibu yote mwarubaini. Popo wanakuja usiku. Si mti mzuri lakini? Dawa na kivuli.

Mwalimu_Mstaafu_Mld

Ni mti mzuri mlangoni kwako. Lakini asili yake ni bara Hindi huko, na hapa pwani umeingia mpaka kwenye misitu ya mawe ya matumbawe na kaya kwa sababu ndege na popo wanaupenda. Mwaka 1977 Connell na Slatyer walieleza njia tatu za kupokezana. Aliyetangulia aweza kumuandalia mwenzake kama mlakasa. Aweza asimsaidie wala asimzuie, yule wa nyuma anavumilia kivuli anangoja. Au aweza kumzibia, amekalia nafasi na hatoki. Mwarubaini ukiwa mnene ni wa tatu. Mathenge, ule mti wa miiba, ni hivyo hivyo, uliletwa Baringo na Bura miaka ya 1980 kushika udongo, na leo wafugaji wanalia. Kwa hivyo jibu langu kwa swali lako la kwanza ni hili: ukiliacha bila kugusa hutapata Gede, utapata msitu wa mwarubaini. Ukilichoma utapata la Mkulima wa Gongoni. Ingia wewe mwenyewe katikati, ng'oa miche ya mwarubaini mvua zikinyesha udongo ukiwa laini, uiache mikunazi na mikwaju, na zile mbegu ambazo hazina wa kuzibeba uzibebe wewe. Mbambakofi, zile nyeusi zenye kofia nyekundu, zinaota vizuri.

Kijana_wa_Mamburui

Narudi baada ya siku nne. Nimekaa na ami jana baada ya alasiri, nikampeleka kwanza ufuoni nikatembea naye kuja bara kama mwalimu alivyonituma, halafu nikamuingiza mpaka chini ya mwembe nikachota udongo nikamuwekea mkononi. Alikaa kimya kitambo. Akasema huu mwembe aliupanda yeye na babu, alikuwa mdogo anashika kopo la maji, mie sikujua.

Tumekubaliana hivi. Upande wa barabarani, robo hivi, unafyekwa bila moto na takataka zinalazwa chini, apande kunde na mihogo yake apate la kula na watu wajue lina mwenyewe. Upande wa matutani haushikwi kabisa. Hapo kati tunang'oa mwarubaini, tunaubakisha mmoja tu wa kivuli. Ami amesema kuna mtu anamjua ukingoni mwa Arabuko ana miche ya mbambakofi na mirihi, anakwenda Jumamosi.

Mkulima wa Gongoni kama uko karibu njoo, jembe lipo, na mama atapika mchunga.

Mkulima_Gongoni

Nakuja. Nibakishieni mbegu mbili tatu za hiyo mbambakofi, nina kona moja sijaichoma mwaka huu.